Nikeli ya Mzee Abdirashid

Ekerenyo, Nyamira
Jumapili jioni

Kwa Asli, rafiki wa dawati moja na dada wa moyo,

Bwakire, kama nilivyokufundisha kusema tukiwa kidato cha kwanza, na assalaam alaykum, kama ulivyonifundisha wewe. Natumai barua hii inakukuta una nguvu, maziwa yanatosha, na mtoto ameanza kuwa mzito mikononi. Nilifurahi mno kusikia mmempa jina la Istarlin, jina la marehemu mama yako. Mama yangu alipoambiwa alisema jina hilo limerudi nyumbani. Amekutumia unga wa wimbi katika kifurushi hiki. Anasema unywe uji asubuhi na jioni, na usimsikilize mtu yeyote wa Isiolo atakayekwambia kwamba chai inatosha. Mumeo naye msalimie sana. Sisi huku tu wazima. Mvua haijatupa nafasi, na majani chai yanachipuka kuliko mikono ya kuyachuma.

Asli, utashangaa kwa nini nimekuandikia barua na simu ipo. Nimeishika simu mara nyingi nikairudisha mezani. Kwa simu ungenikatiza, ungelia, nami ningelia, na nusu ya mambo isingesemwa. Tena niliombwa nisikuambie lolote mpaka utoke arobaini, maana mzazi hatakiwi kushtuliwa. Sasa arobaini imekwisha. Tafadhali mpe mumeo mtoto, uketi, kisha uendelee kusoma.

Baba yako hayuko Wajir. Kaka yako Uzair alikuambia kwamba ameenda kuwaona wazee wa ukoo na kwamba mtandao wa huko ni mbaya. Si kweli. Mzee yuko hospitalini mjini Kisii. Aliungua kiwandani. Yu hai, anaongea, anakula, na madaktari wanasema hatari ya kumpoteza imepita. Hilo nimelitanguliza ili usisome yaliyobaki ukiwa na roho mkononi. Mengine nitayaeleza kwa utaratibu, kwa sababu huku watu wanayasimulia vipandevipande, kila mtu na kipande anachokipenda.

Ulipoolewa uliacha kiwanda kikitengeneza sabuni tu, pale nyuma ya wapasua mbao, kwenye barabara ya Keumbu. Mwaka uliopita Mzee alinunua tangi kubwa la chuma, lenye kifuniko cha boliti na mhimili wa kukoroga, akaanza kutengeneza mafuta ya kupikia yale yanayoganda. Akanichukua niwe mkemia wake. Nilikuwa nimekaa nyumbani muda mrefu na digrii yangu, na sitasahau jinsi alivyonitambulisha kwa wafanyakazi. Alisema huyu ni binti yangu wa pili, akisema simameni, msimame.

Wewe ni muuguzi, kemia unaikumbuka kidogo, kwa hiyo nivumilie nikueleze kazi yenyewe, kwani bila hilo hutaelewa jinsi moto ulivyokuja. Mafuta ya maji huganda ukiyalisha gesi ya haidrojeni. Lakini haidrojeni hutembea wawiliwawili, atomu mbili zimekamatana, na zikiwa zimekamatana hivyo haziingii kwenye mafuta hata ukizipikia humo siku nzima. Lazima kwanza zitenganishwe. Anayezitenganisha ni nikeli, unga mweusi tunaoumwaga kidogo tu ndani ya tangi. Wala si nikeli yote inayofanya kazi hiyo. Uso wa kila chembe yake una sehemu bapa kama uwanja, na una ngazi, kingo na pembe. Kwenye ubapa, kila atomu ya nikeli ina majirani pande zote, imetosheka, na haidrojeni ikija mara nyingi inagonga na kudunda. Kwenye ukingo wa ngazi, atomu ya nikeli imekosa majirani upande mmoja. Hiyo ndiyo inayoidaka haidrojeni na kuipasua. Sasa unga ule ukitumiwa na kuchujwa na kurudishwa tena na tena, tena kwenye joto kali kuliko linalofaa, chembe zake hugandamana na ngazi zile hulainika. Nikeli ipo, lakini mahali pa kupasulia hapapo.

Hivyo ndivyo ilivyotukuta. Baada ya Pasaka mikebe ilianza kurudi. Wenye maduka wa Nyamira walisema mafuta yetu yanamiminika kama chai. Nilipima, nikapima tena, nikajua ni nikeli. Nilimweleza Uzair kwa mfano wa jiwe la nyanya yangu la kusagia wimbi. Jiwe likishalainika halisagi, nafaka inateleza juu yake, na nyanya alikuwa analidonoadonoa kwa jiwe jingine mpaka liwe na meno. Uzair alinielewa mara moja. Alisema tunahitaji nikeli mpya, na kwamba atalipeleka jambo hilo mbele.

Amri iliyorudi kutoka ofisini ilikuwa nyingine. Tuongeze joto, tuongeze na presha ya gesi, mafuta yataganda tu.

Asli, tangu siku hiyo nilianza kuiogopa geji ya tangi lile. Nikeli ikiwa nzuri, unafungua gesi, mshale unapanda, kisha unauona unashuka taratibu kwa sababu mafuta yanainywa gesi. Sasa ulipanda ukabaki palepale. Gesi ilikuwa imejaa juu ya mafuta, haina pa kwenda. Kila tulipoongeza joto nikeli ilizidi kulainika, na kila ilipolainika tuliambiwa tuongeze. Mose, yule mtu wa boila kutoka Keumbu, aliacha kupiga mluzi kazini. Nilimuuliza kwa nini. Akasema anataka kusikia tangi.

Ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana. Uzair alikuwa amewakataza wafanyakazi wote kupanda kwenye jukwaa la tangi. Alikuwa anapanda mwenyewe kufungua na kufunga. Asubuhi ile nilimwambia sitaki tupike. Alisema hata yeye hataki. Akasema tumalize hili moja, halafu atazungumza tena, na safari hii hatazungumza kwa upole.

Nilikuwa kwenye meza yangu ya vipimo niliposikia mlio mwembamba, kama wa sufuria yenye mfuniko mbaya. Niliangalia juu. Sikuona moto wala moshi. Uzair alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa, mgongo umegusa ukuta, mikono mbele ya uso. Aliniambia kuna joto. Hakupaza sauti. Alisema, "Nyakerario, kuna joto hapa mbele yangu na sioni linakotoka."

Hapo nilijua ni nini. Moto wa haidrojeni mchana hauonekani. Hauna moshi, hauna rangi, na gesi yenyewe haina harufu. Pale mhimili wa kukoroga unapoingilia kwenye kifuniko, presha ilikuwa imekula kizibo, gesi ikatoka, ikashika moto, na hakuna aliyejua ulimi wa moto huo unaishia wapi. Nilimwambia Uzair asisogeze hata mguu. Nilimwambia Mose akimbie nyuma afunge mitungi ya gesi, kisha nikawaambia wengine waniletee jani kavu la mgomba na ufito mrefu.

Tulilifunga jani kwenye ufito, nikapanda ngazi polepole nikilitanguliza mbele yangu, huku na huku, kama kipofu na fimbo. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu jani likawaka lenyewe hewani, mbele ya macho yetu sote. Mwanamke mmoja chini alianza kuomba. Nilipolipeleka tena nikaelewa moto ulivyokaa. Ulikuwa umekatiza katikati ya jukwaa, Uzair upande mmoja, ngazi upande mwingine.

Mose alirudi akasema mitungi imefungwa. Mlio haukupungua. Nami nilijua sababu. Kama nikeli ingekuwa inafanya kazi, gesi iliyobaki tangini ingekuwa imeshanywewa na mafuta. Hii ilikuwa yote imo, inatoka polepole na kuulisha moto, na moto unachoma boliti za kifuniko, na chini ya kifuniko kuna mafuta ya moto ya kuwamwagikia watu wote waliokuwa mle. Kulikuwa na njia moja. Juu ya jukwaa kuna gurudumu la kufungua bomba la kutolea gesi kupitia paa. Mtu akisimama ngazini anaweza kulifikia, ila mikono lazima ipite ukingoni mwa moto.

Nilishuka nikachovya gunia kwenye pipa la maji. Nilikuwa nimeamua, Asli. Ndipo Mzee akaingia, ametoka kutawadha kwa ajili ya adhuhuri, mikono ya kanzu bado imekunjwa. Alitazama juu akamwona Uzair, akanitazama mimi na gunia. Hakuuliza. Alinipokonya lile gunia mkononi, akasema, "Huyo ni mwanangu," akapanda.

Gurudumu lilikuwa gumu. Tulimwona anasukuma, halizunguki. Gunia lilianza kutoa mvuke, kisha likakauka, kisha likawaka juu ya mikono yake. Hakuachia. Nilimsikia akitaja jina la Mungu, mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa. Halafu gurudumu likazunguka, na gesi ikapiga mngurumo juu ya paa uliosikika mpaka barabarani. Mlio ulizimika. Uzair aliruka akamshika kabla hajaanguka, akamshusha begani.

Wewe ni muuguzi, sitakupunguzia. Mikono yote imeungua mpaka viwiko, wa kulia vibaya zaidi. Uso umeungua upande wa kulia, na jicho la upande huo haliwezi kuona isipokuwa mwanga. La kushoto ni zima. Wamemtoa ngozi ya paja na kuipandikiza mikononi, na imeshika. Daktari anasema vidole vitakakamaa visipozoezwa kila siku, na kwamba kunahitajika mtu wa familia mwenye mkono unaojua kazi hiyo na moyo wa kumsikia akilalamika. Nilipomsikia daktari nilikuwaza wewe.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike barua badala ya kumwachia Uzair akueleze.

Watu wote, kuanzia Keumbu hadi mjini, wanajua kwamba Uzair ndiye aliyeagiza joto na presha viongezwe. Wanajua kwa sababu yeye mwenyewe amewaambia. Aliwaambia wafanyakazi, akawaambia wazee msikitini, akamwambia mkaguzi wa usalama kazini aliyetumwa, Bwana Omwenga. Alisema Mzee hakujua lolote, alikuwa mtu wa kuja tu kuangalia. Nawe atakuambia hivyohivyo, na utamwamini, kwa sababu sisi sote tumemjua Uzair tangu utotoni, mtu wa haraka, wa kuvunja vitu.

Si Uzair, Asli. Ni Mzee.

Nilikuwepo ofisini siku ile. Uzair alimwomba baba yako tununue nikeli mpya, akamweleza vizuri kuliko nilivyomweleza mimi. Mzee akaagiza nikeli iliyochujwa iletwe, ikaoshwa, ikakaushwa jinsi nilivyoelekeza, ikawekwa kwenye mizani ya mikebe. Uzito ulikuwa uleule wa siku iliponunuliwa. Mzee alitutazama kwa huruma, kama watoto waliodanganywa shuleni.

"Haijapungua hata chembe," alisema. "Kitu kisichopungua kimechokaje?"

Nilimwambia kilichopotea si uzito, ni sura ya juu. Alinisikiliza mpaka mwisho, nakwambia kweli, hakunidharau. Kisha akasema amefanya biashara ya chuma tangu akiwa kijana, amenunua chakavu na kuuza mabati kabla mimi sijazaliwa, na katika maisha yake yote ameona chuma kikivunjika na kikishika kutu, hajaona kikichoka. Akasema mafuta yanakataa kwa sababu tunayaogopa. Tuongeze joto. Uzair alibishana naye mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Mzee akamwambia kiwanda bado si chake. Hapo ndipo Uzair alipoanza kupanda jukwaani peke yake.

Siku chache baada ya moto, Uzair alinijia nyumbani kwetu hapa Ekerenyo. Alikaa nje kwenye benchi, akakataa chai. Aliniomba nikiulizwa na mkaguzi niunge mkono maneno yake. Nilimwambia wanaweza kumpeleka mahakamani. Akasema anajua. Akasema, "Mzee ameshaungua. Usimuunguze mara ya pili." Nilimsindikiza mpaka barabarani.

Ningenyamaza, Asli. Nataka ulijue hilo. Usiku na mchana nilijiambia kwamba ni jambo la familia yenu na mimi si wa kuingilia. Lakini Mose alikuja akaniambia kwamba Mzee, akiwa palepale kitandani, macho yamefungwa bandeji, ametoa maagizo. Kizibo cha mhimili kibadilishwe, nikeli ileile irudishwe tangini, kazi ianze wiki inayofuata. Aliona kilichokosea ni kizibo tu. Na mkaguzi naye, kwa maneno ya Uzair, alikuwa anaelekea kuamini hivyo. Kijana mwenye haraka, kizibo kibovu, basi. Wangepanda tena jukwaa lile watu wengine. Mose ana watoto wadogo.

Nilienda kwa Bwana Omwenga nikamweleza yote. Nilimwambia kuhusu nikeli, kuhusu geji iliyokataa kushuka, na kuhusu amri ilitoka kwa nani. Nililitaja jina la baba yako kwa kinywa changu, mtu aliyeniita binti yake mbele za watu. Kiwanda kimefungwa mpaka tangi likaguliwe upya na nikeli iondolewe. Mzee akitoka hospitalini ataitwa kujibu, na sijui wataamua nini. Wafanyakazi wako majumbani. Wengine wanasema nimewaokoa, wengine tukikutana sokoni wanageuza uso. Uzair hanisalimii. Mimi nimerudi huku kuchuma majani na mama.

Juzi nilikwenda kumwona Mzee. Niliona ni afadhali anifukuze kuliko nimkwepe. Uzair alikuwa kitini karibu naye, akainuka akatoka. Nilitoa salaam. Mzee hakuitika. Wewe unajua uzito wa hilo kuliko mimi. Nilisimama pale mlangoni kwa muda, nikiitazama mikono yake iliyofungwa, nikamwambia mwenyewe niliyoyasema kwa mkaguzi, asije akayasikia kwa wengine tu. Alikuwa amegeukia ukutani. Nilipogeuka niondoke alisema, bila kunitazama, "Aliyepanda kumtoa Uzair ni mimi. Hilo nalo ulilisema?"

Nilimwambia hilo ndilo nililolisema la kwanza.

Halafu akasema, "Basi mwandikie Asli. Yote mawili."

Ndiyo maana nimeandika. Sikuombi unitetee, wala sikuombi leo unijibu kwa wema. Ukikasirika, kasirika, nitakungoja. Lakini njoo, na umlete Istarlin amshikie babu yake vidole. Kwa Uzair usiwe mkali. Mtu aliyekubali kuitwa mzembe kwa ajili ya baba yake si yule tuliyekuwa tunamcheka.

Mama anakusalimu na kukuombea, anasema uji usiuache. Mose naye anatuma salamu kwako na kwa mtoto. Mbusu Istarlin kwenye paji la uso kwa niaba yangu, mwambie ana mama mdogo huku milimani, kama mama yake bado ataniruhusu niitwe hivyo.

Mungu awalinde nyote.

Ni mimi,
Nyakerario Angwenyi